Fundi wa kwanza ameharibu injini: irekebishwe, ifumuliwe, au ununue ya mtumba?

Gari lilienda gereji na tatizo dogo. Lilikuwa linachemsha kidogo kwenye foleni, au linavuja oili kwenye kava ya valvu. Limerudi na kubwa zaidi: moshi mweupe asubuhi, maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakodondokea, au injini imeanza kugonga chini. Fundi wa pili anasikiliza, anatikisa kichwa: "Bosi, hii imeshanoki, tafuta injini." Wa tatu anasema ni gasketi tu, ile ya kuziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wenye silinda). Wa nne anataka kuifumua yote.

Ukiwasikiliza utadhani kuna mmoja anayekutapeli. Mara nyingi si hivyo, kila mmoja anakuuzia kazi anayoiweza. Mwenye jamaa anayeuza injini mtaa wa Gerezani, Dar, atakuelekeza Gerezani, na mwenye mashine ya kuchonga vyuma vya injini atakwambia injini inachongeka. Kazi yako ni kujua chuma kipi kimeharibika, na kiko kwenye injini gani. Kosa lile lile la fundi lina jibu moja kwenye IST, jingine kwenye Alphard, na la tatu kwenye Land Cruiser mkonga. Kwa hiyo nitalinganisha nikitumia injini tatu za Toyota zilizojaa barabarani kwetu: 1NZ-FE ya sisi 1,497 (IST, Probox, Fielder, Ractis), 2AZ-FE ya sisi 2,362 (Harrier, Alphard, Kluger, Vanguard) na dizeli ya 1HZ ya sisi 4,164 (Land Cruiser mkonga).

Pima kabla mtu hajagusa boliti nyingine

Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya hasira, halafu wanalipia injini wasiyoihitaji.

Anza na kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Plagi zote zinatolewa, geji inafungwa silinda moja baada ya nyingine, mtu anakanyaga mafuta hadi chini huku starta ikizungusha. Kwa 1NZ-FE kiwango cha kiwandani ni kama kilo 15 kwa sentimita ya mraba, cha chini kabisa ni 11, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imepasuka katikati yake au hedi imepinda hapo. Ikiwa moja tu ndiyo iko chini, mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, tazama valvu.

Kisha pima rejeta kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini. Ikigeuka, moshi unavuja kuingia kwenye maji, na hapo umeshajua tatizo liko juu, kwenye hedi au gasketi, kabla hujalipa hata ujira wa kufungua.

Cha tatu ni sampu, bakuli la oili chini ya injini, na fundi wengi hawataki kuifungua kwa sababu ni kazi chafu. Niliwahi kusimama pembeni IST moja ikifunguliwa sampu Tabata. Mwenyewe alikuwa ameambiwa hedi imesawazishwa kwa mashine na gasketi ni jenuini. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limefunikwa karibu nusu na nyuzi za silikoni ya kijivu, ile iliyobanwa kupita kiasi kwenye kava ya cheni ikafinyika kuingia ndani. Hedi ilipotoka, uso wake ulikuwa na michoro ya duara unayoihisi kwa ukucha: ilisagwa kwa grainda na sendapepa, si kwa mashine. Rula ya chuma ilipowekwa juu yake, filageji (kibamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.10 ilipita chini yake bila kusukumwa, wakati kikomo cha Toyota kwa hedi hiyo ni milimita 0.05. Beringi mbili za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka chini) zilikuwa zimelika hadi rangi ya shaba inaonekana.

Naitaja kwa kirefu kwa sababu inaonyesha jinsi kosa la juu linavyoshuka chini. Vumbi la sendapepa ni punje ngumu kuliko beringi. Linaingia kwenye njia za oili, pampu inalisambaza, na silikoni inamalizia kwa kuinyima pampu oili. Mwenye gari alikuja akiuliza bei ya gasketi. Angebadilisha gasketi peke yake, injini ingekufa upya kwa sababu ambayo haina uhusiano na gasketi.

Jambo jingine dogo ni tamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto. Fundi wengi huitoa "ili maji yazunguke vizuri". Kwenye injini nyingi za Toyota tamostati ikipata moto hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari linachemsha mlimani huku kila mtu akilaumu gasketi mpya. Uliza kama ipo. Ukikuta haipo, umepata ushahidi wa namna fundi yule anavyofanya kazi.

Urudi kwa fundi yule yule?

Inategemea alikosea kwa mkono au kwa vifaa. Aliyesahau kukaza bomba la maji akakiri, mrudie, atalipa deni lake kwa bidii kuliko fundi mgeni. Asiyekuwa na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), asiyejua hedi ya 1NZ hukazwa kuanzia boliti za katikati kwa Nm 29, kisha kila boliti robo mzunguko, kisha robo mzunguko tena, atarudia kosa lile lile, mara hii kwa upole zaidi. Umuulize tu: "Fundi, hii uliikaza kwa toki ngapi?" Akijibu "kwa uzoefu", umemaliza mahojiano.

Kama unataka kudai fedha, usikubali fundi wa pili afungue kabla hujapiga picha, hujachukua vipimo vya kompresheni kwa maandishi, na hujamjulisha wa kwanza ili aje ashuhudie. Injini ikishafunguliwa bila yeye, atasema wa pili ndiye aliyeharibu, na hutakuwa na la kumjibu. Kenya wana njia nzuri hapa: sheria ya kuwalinda walaji ya 2012 inadai huduma iwe ya ubora unaokubalika, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya. Tanzania unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ila bila risiti hutafika mbali popote. Risiti ya gereji ya chini ya mwembe ni ujumbe wa simu, kwa hiyo usiufute.

Njia ya kwanza: kurekebisha kilichoharibika tu

Hii ndiyo njia ya bei nafuu na inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Inafaa pale uharibifu ulipoishia juu: uzi wa plagi umeliwa, boliti ya hedi inazunguka bure, gasketi imefungwa kwenye uso uliopinda, boliti ya kuondoa oili imekazwa hadi uzi ukatoka na sampu.

Uzi uliokufa kwenye aluminiamu si msiba. Tundu linapanuliwa, linapigwa tapu (chombo cha kukata uzi), linafungwa bushi ya chuma yenye uzi mpya ndani. Ikifanywa vizuri inashika kuliko uzi wa asili, kwa sababu sasa boliti inauma chuma. Kuna bushi za waya wa kuzungushwa na za kipande kizima chenye ukuta mzito. Kwa plagi na kwa boliti za hedi chagua ya kipande kizima hata kama bei imezidi. Na fundi apake grisi kwenye tapu ili vipande vya aluminiamu vishikwe hapo, visidondokee ndani ya silinda. Ukimwona anatapu tundu la plagi kwa tapu kavu, hedi ikiwa bado juu ya injini, msimamishe.

Hapa ndipo 2AZ-FE inapojitenga na wenzake. Zile za miaka ya mwanzo zinajulikana duniani kote kwa kuachia uzi wa boliti za hedi kwenye bloku, hasa safu ya nyuma upande wa kabini. Hedi inanyanyuka kiasi kidogo sana, maji yanavuja nyuma, gari linachemsha. Fundi asiyejua hubadilisha gasketi, anakaza, boliti inazunguka bure, anakaza tena "mpaka ishike", na uzi uliobaki unatoka nao. Baada ya miezi michache unaanza upya. Mwenye Alphard au Harrier wa aina hiyo akiniuliza, sina mjadala: fungua hedi, weka bushi za chuma kwenye mashimo yote 10, si yale 3 yaliyokufa tu, sawazisha hedi kwa mashine, nunua boliti mpya. Kununua 2AZ ya mtumba ya miaka ile ile ni kununua ugonjwa ule ule uliolala, isipokuwa muuzaji akuonyeshe kwamba ni ya toleo la baadaye.

Njia hii haifai kitu kimoja: kugonga chini. Injini ikishagonga, au oili ikishakaa na maji kwa muda ukatoa kijiti cha kupimia oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, usikubali kuambiwa "tutafunga hedi tu tuone". Maji hayalainishi beringi. Chini lazima pafunguliwe.

Njia ya pili: kufumua yote na kuijenga upya

Ni kazi ya heshima, na kwa injini sahihi hakuna inayoishinda. Krenki inapimwa na kusagwa kama inahitaji, silinda zinapanuliwa, pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za asili) zinafungwa, beringi mpya, pampu ya oili mpya, valvu zinakalishwa upya. Baada ya hapo una injini ambayo historia yake unaijua, na namba ya injini kwenye kadi haibadiliki.

1HZ ilizaliwa kwa ajili ya hili. Bloku yake ni chuma kizito, ukuta wa silinda unavumilia kupanuliwa, pistoni za ovasaizi na beringi za krenki iliyosagwa zinapatikana kuanzia Arusha hadi Lubumbashi, na wachongaji wanaijua kwa moyo kwa sababu magari ya utalii na ya miradi yameishi nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Ya mtumba iliyo nzima ni adimu na bei yake inauma, maana mwenye 1HZ nzima haiuzi. Kwa mkonga ulioharibiwa na fundi, fumua na ujenge.

1NZ ni kinyume chake. Bloku ni ya aluminiamu yenye silivu (mirija ya silinda) nyembamba za chuma ndani, na haikujengwa kwa wazo la kupanuliwa mara baada ya mara. Beringi zake huchaguliwa kwa namba zilizopigwa kwenye konrodi na bloku, lakini madukani mara nyingi utauziwa seti ya saizi moja "inayofaa zote". Kufumua 1NZ kwa usahihi kunawezekana, ila jumla ya spea, mashine na ujira hukaribia bei ya injini nzima ya mtumba, au huipita, na bado unategemea mkono wa fundi. Umeshaumizwa na mkono wa fundi mara moja.

Kanuni yangu ni hii, na ni maoni yangu tu: gharama ya kujenga ikizidi theluthi mbili ya bei ya injini ya mtumba iliyopimwa, kwa injini ndogo ya petroli nunua ya mtumba. Kwa dizeli kubwa ya chuma, jenga hata gharama ikilingana.

Kabla ya kukubali kufumua, nenda mwenyewe kwa mchongaji. Usimtume fundi peke yake. Uone mashine ya kusawazisha hedi kwa macho, na uombe karatasi ya vipimo: krenki ilikuwa ngapi, imetoka ngapi, hedi imekatwa kiasi gani. Mchongaji mzuri hakasiriki ukiuliza, anafurahi kupata mteja anayesoma.

Njia ya tatu: injini ya mtumba

Gerezani na Shaurimoyo kwa Dar, Grogan kwa Nairobi, Kisekka kwa Kampala. Kwa 1NZ iliyonoki hii ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sharti la kununua kwa macho makavu.

Faida yake ni muda. Injini nzima inatoka na kuingia wakati hiyo nyingine bado inasubiri foleni kwa mchongaji. Hasara yake ni kwamba hujui aliyekuwa nayo Japani aliitunza vipi, wala kama kweli imetoka Japani au imetoka kwenye gari lililopata ajali Morogoro wiki iliyopita.

Dukani, fungua kifuniko cha oili uangalie ndani kwa tochi. Rangi ya dhahabu iliyokolea ni salama, ila tope jeusi linalokwanguka kwa kidole maana yake oili haikubadilishwa kwa wakati. Angalia pembezoni mwa hedi: silikoni ya rangi ngeni, boliti zilizokwanguliwa rangi, gasketi iliyochomoza mpya kuliko injini yenyewe, vyote vinasema imeshafunguliwa. Injini iliyofunguliwa na mtu usiyemjua ndiyo uliyo nayo tayari nyumbani. Zungusha krenki kwa mkono kwa soketi mizunguko miwili kamili, isikwame mahali. Kisha dai kompresheni ipimwe mbele yako. Muuzaji anayekataa kupima kwa sababu "zote ni nzima" mwachie hizo nzima zake.

Kwa 1NZ kuna mtego mmoja: 1NZ-FXE ya magari ya haibridi inafanana sana kwa nje na 1NZ-FE, lakini ni injini nyingine ndani, yenye mgandamizo wa 13.0 badala ya 10.5 na nguvu kidogo. Soma herufi zilizopigwa kwenye bloku, usisome maneno ya kibandiko. Pia linganisha throto (mlango wa hewa ya injini): ya waya na ya umeme haziingiliani bila kubadilisha kontroli boksi na waya zake. Na sampu ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne si ya linalosukumwa na mawili.

Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti namba ya injini na siku za dhamana. Mara nyingi ni siku chache tu za kujaribu, kwa hiyo hakikisha fundi yuko tayari kabla hujalipa, zisije zikaisha injini ikiwa imelala barazani.

Usifunge injini mpya kwenye uchafu wa zamani. Rejeta iliyopita maji ya kisima yenye chumvi, kama wanavyofanya wengi Dar na Mombasa, isafishwe au ibadilishwe. Tamostati mpya, pampu ya maji ikaguliwe, kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji matupu. Injini ya kwanza ilianza kufa kwa kuchemsha, na kilichoichemsha mara nyingi bado kiko palepale kwenye bodi.

Njia ya nne: kuliuza kama lilivyo

Inafaa gari la zamani lenye bodi iliyooza au madeni mengine, na mwenye gari asiye na muda. Utapoteza, lakini kiasi utakachopoteza unakijua tangu leo. Usilifunge injini kwa silikoni ili liwake siku mbili mteja alichukue. Mji ni mdogo kuliko unavyofikiri, na mnunuzi wa magari mabovu anajua kusikiliza injini kuliko wewe.

Makaratasi ukibadilisha injini

Ukichagua ya mtumba, namba ya injini kwenye kadi ya gari haitalingana tena na iliyomo. Tanzania mabadiliko hayo yanarekodiwa TRA (mamlaka ya mapato) baada ya gari kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani, Kenya yanapitia NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Nenda na risiti ya duka iliyoandikwa namba ya injini mpya, nakala ya kadi na kitambulisho. Watu huahirisha hili mpaka siku ya kuuza gari au siku ya ajali, bima inapokuja kukagua, na hapo risiti ya Gerezani imeshafutika wino. Ipige picha siku ile ile.

Baada ya kazi, njia yoyote uliyochagua, kwa kilomita 1,000 za kwanza fungua kifuniko cha rejeta kila asubuhi injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, andika kiasi. Kisha mwaga oili yote, kama lita 3.7 kwa 1NZ pamoja na chujio, uimwage kwenye karai jeupe na kukata chujio la zamani. Vumbi laini la kijivu kwa injini iliyojengwa upya ni la kawaida. Punje zinazong'aa unazozihisi kati ya vidole si za kawaida. Mpigie fundi siku hiyo hiyo, dhamana ikiwa bado hai.